Aliye Mbele

Saa kumi na mbili jioni, Barabara ya Kirinyaga,
mlango wa tatu baada ya duka la beringi,
printa imenyamaza.
Haijafa. Taa yake ya kijani inapepesa
kama jicho la mtu anayesikia na hataki kujibu.

"Mutheu, njoo," Sabina ananiita kutoka kaunta,
"watu watatumaliza."
Watu wenyewe: mama wa Nyamaiya na picha ya mumewe kwenye simu,
ratiba ya mazishi, kurasa nane, nakala mia mbili,
na basi la Kisii linang'oa saa tatu.
Mwalimu wa Dandora na mtihani wa Hisabati, gredi ya sita.
Shemasi na matangazo ya Jumapili.
Na kijana mmoja kwenye benchi asiyeuliza kitu,
anaangalia saa tu.
Wote wameambiwa: imetumwa.
Kweli imetumwa. Haijafika.

Naanzia chini, kama stima za mji huu zilivyonifunza.
Plagi ipo. Waya wa mtandao, panya hajaufikia leo.
Trei imejaa karatasi. Tona naitikisa
kama kibuyu sikioni: bado kuna kitu.
Nazima, nawasha. Inakohoa, inajinyoosha,
inarudia kimya chake.

Basi nakaa mbele ya ile kompyuta kuukuu isiyo na mapambo,
kioo cheusi, herufi nyeupe,
naandika lpstat.
Inanijibu bila salamu na bila uongo:
kazi kumi na tisa zimepanga foleni.
Ya kwanza, nambari 418,
imekaa pale tangu saa kumi na dakika saba.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.
Aliye mbele na hasogei, hawakusema.

Ningeifuta. Ni amri moja na nambari yake.
Lakini mwaka jana nilifuta foleni nzima kwa hasira
na humo mlikuwa na fomu ya pensheni ya mzee wa Kitengela.
Alirudi kesho yake. Hakunigombeza,
aliniuliza tu kama kompyuta nazo husahau.
Tangu siku hiyo nasoma kwanza.

Nafungua daftari la makosa, nashuka mstari kwa mstari,
Sabina akinipumulia shingoni,
hadi hapa: *inasubiri karatasi.*
Karatasi gani, na trei imefurika?

Ya Marekani.
Fupi kuliko yetu kwa upana wa kidole,
pana kuliko yetu kwa unene wa penseli.
Kutoka hapa hadi Ngara hupati hata rimu moja.
Printa haikukosea. Iliambiwa isubiri, ikasubiri,
na nyuma yake maiti, hesabu na neno la Mungu
vikasubiri pamoja nayo.

"Nani katuma ya Marekani?"
Kijana wa benchi anainua mkono kama yuko darasani.
Simiyu. Barua ya kuomba ufadhili, chuo cha Ohio,
fomu ilikuja na vipimo vya kwao.
Saa mbili amekaa akidhani anapisha wakubwa.

Siifuti 418. Naisogeza kando, naifungulia foleni.
Mashine inavuta pumzi,
na uso wa marehemu unatoka wa kwanza,
suti ya kijivu, tabasamu la picha ya kitambulisho.
Mjane anaipokea kwa mikono miwili.
"Ina joto," anasema. Hasemi zaidi.

Saa tatu kasorobo naandika lpstat tena.
Hakuna jibu, na kwa mashine hii
kutojibu ndiyo habari njema.
Imebaki ile moja. Naibadilisha vipimo, naiachilia.
Inatoka safi, ila chini kabisa
pamebaki ukanda mweupe, upana wa kidole.

Simiyu anaupitisha kidole gumba.
"Watajua?"
"Watajua nini?"
"Kwamba ni karatasi ya huku."

Namwandikia risiti. Shilingi kumi.